Kipande cha tumbawe katika darasa la Ujiji

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ujiji, Kigoma. Mjomba wangu alipotoka Bagamoyo aliniletea kipande cheupe cha tumbawe chenye ukubwa wa ngumi, nami nikakipeleka darasani. Mwanafunzi mmoja aliuliza: ikiwa hili ni jiwe, mbona redioni husemwa kwamba matumbawe yanakufa? Mwingine akauliza linawahusu nini watoto wa ziwani. Sikuweza kuwajibu nikaridhika. Je, kukaa na jiwe hili ni kosa?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Kipeleke hicho kipande kwenye mwanga wa dirisha, uwaoneshe vitundu vidogo vyenye umbo la nyota vilivyokijaa. Kila kitundu kilikuwa makazi ya mnyama mmoja aitwaye polipu, mwenye mwili laini na minyiri midogo kuuzunguka mdomo wake, ambaye huchukua madini yaliyoyeyuka katika maji ya bahari akajijengea kikombe cha chokaa. Wanaozaliwa baadaye hujenga juu ya vikombe vya waliowatangulia, na hivyo ndivyo mwamba unavyoinuka. Jiwe ulilo nalo ni nyumba; aliyekufa ni mwenye nyumba.

Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho, pamoja na rangi yake ya kahawia au kijani. Maji yakizidi joto kwa majuma kadhaa, tumbawe humtoa mpangaji huyo na kupauka. Joto likishuka mapema, mwani hurudi; likikawia, tumbawe hufa kwa njaa. Mwaka 1998 joto la namna hiyo lilienea magharibi mwa Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya Mafia ikafa.

Miamba hii hufunika chini ya asilimia 1 ya sakafu ya bahari, lakini takribani robo ya aina zote za viumbe vya baharini huitegemea. Changu, tasi, chewa, kambakoche na pweza hupata humo chakula na maficho. Maji yanapokupwa, akina mama wa Pwani hutembea juu ya mwamba wakiwa na chuma chembamba, wakichungulia shimo baada ya shimo kumtafuta pweza, na mauzo ya siku hiyo ndiyo unga wa jioni na daftari la mtoto. Mwamba huo huo huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba na minazi ya ufukweni.

Linaloniuma zaidi ni baruti inayotumiwa kuvulia samaki. Mlipuko mmoja hupasua kibofu cha hewa cha samaki, wengi wao wakazama bila kuokotwa, na mwamba ukageuka kifusi. Tumbawe la umbo la kichwa, lile gumu la mviringo, hukua kwa kadiri ya sentimita 1 tu kwa mwaka. Kwa hiyo lenye upana wa meza yako ya darasani lilianza miaka mingi kabla ya wanafunzi wako kuzaliwa. Baya zaidi, kifusi hakitulii: mawimbi hukibingirisha, na watoto wa matumbawe wanaotafuta mahali pagumu pa kujishikiza husagwa humo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa uvuvi wa milipuko, na ninaamini kwamba yeyote anayenunua samaki huku akijua amevuliwa kwa baruti anashiriki kosa hilo.

Sasa nije kwetu Kigoma. Ziwa Tanganyika halina matumbawe, na sitaki uwaambie watoto kwamba dagaa na migebuka hutegemea miamba, kwa kuwa hao ni samaki wa maji ya wazi. Lakini mawe ya kandokando ya ziwa yanafanya kazi inayofanana sana na ile ya mwamba wa bahari. Humo huishi samaki wadogo wa rangi nyingi, jamaa wa sato, wa aina zaidi ya 200, karibu wote wasiopatikana popote pengine duniani; baadhi yao hulea mayai na vifaranga mdomoni. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, ila huko chini kabisa hakuna oksijeni, kwa hiyo ukanda wa pembeni ndio wenye uhai mwingi wa aina mbalimbali. Milima ikifyekwa miti, mvua hushusha tope linalofunika mawe hayo, likaziba nyufa na kuufukia mwani wanaoula samaki. Baharini pia tope la mito huwanyima matumbawe mwanga. Wapeleke wanafunzi ufukweni baada ya mvua kubwa, wayaone maji yanavyobadilika rangi pale kijito kinapoingia ziwani.

Kuhusu jiwe lako, kulirudisha baharini hakutamfufua polipu. Libaki darasani, mpe kila mtoto nafasi ya kulishika na kuhesabu nyota zake, ila mwombe mjomba asilete jingine, hata akiliona limetupwa ufukweni, kwa sababu vipande hivyo vikisagika ndivyo vinavyofanya sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zile.