Figo zikishindwa kazi: majibu kwa maswali yenu

Nakojoa vizuri tu kila siku. Inakuwaje daktari aniambie figo zangu zinashindwa?

Kukojoa peke yake si ushahidi kwamba figo ni nzima. Figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, kisha karibu yote hurudishwa kwenye damu. Unachokwenda kukojoa ni lita moja au mbili. Figo mgonjwa inaweza kuendelea kutoa maji huku uchafu ukibaki ndani. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja, na vingine vikifa, vilivyobaki hubeba kazi yao kimyakimya. Ndiyo maana mtu hupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo bila kuhisi lolote.

Kinachofichua ni vipimo viwili: kreatinini (uchafu ambao figo nzima huuchuja) kwenye damu, na protini kwenye mkojo. Mwenye kisukari au presha avifanye walau mara moja kwa mwaka, tafadhali. Ukisubiri miguu ivimbe, mara nyingi umechelewa.

Kwa nini mgonjwa wa figo huishiwa damu?

Figo hutengeneza homoni inayouchochea uboho kuzalisha chembe nyekundu. Homoni ikipungua, damu nayo hupungua. Kuna sindano za homoni hiyo, na mara nyingi huambatana na madini ya chuma.

Baba ametakiwa aanze kusafishwa damu. Ndugu wanasema ukianza mashine huachi tena, kwa hiyo tumcheleweshe. Tufanyeje?

Msimcheleweshe. Imani hii inaua watu. Mashine haizizoeshi figo uvivu. Anayeendelea nayo maisha yote ni yule ambaye figo zake zilikuwa zimekwisha kuharibika kabisa. Aliyepata shida ya ghafla, kwa mfano baada ya kutokwa na damu nyingi au kuharisha sana, huenda akaiacha baada ya muda figo zikipona.

Baba anapocheleweshwa, madini ya potasiamu yanaweza kupanda kwenye damu hadi moyo ukasimama, na maji yakajaa mapafuni. Pia anapoteza muda wa kuandaa fistula, yaani ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) na vena (mshipa unaoirudisha) za mkono zinazounganishwa kwa upasuaji mdogo ili vena ipanuke na kuhimili sindano. Huchukua wiki kadhaa kukomaa. Ikiwa tayari, ukiigusa kwa vidole unahisi mtetemo. Mtetemo ukipotea, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu ya vipimo. Asiye na fistula huanza kwa mpira unaowekwa kwenye mshipa wa shingoni, na huo huleta maambukizi kwa urahisi zaidi.

Kwa kawaida mashine ni mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila safari. Muulizeni daktari pia kuhusu kusafisha kupitia tumbo: maji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, hukaa saa kadhaa yakivuta uchafu, kisha hutolewa. Hufanyika nyumbani, kwa kawaida mara nne kwa siku, au kwa mashine usiku mgonjwa akiwa amelala.

Nataka kumpa dada yangu figo moja. Nitaishi kama kawaida?

Wengi huishi vizuri, kwa sababu figo inayobaki huongeza kazi yake. Lakini lazima upimwe kwa kina kwanza, upasuaji una hatari zake, na presha yako itafuatiliwa miaka yote. Una haki ya kubadili nia hadi dakika ya mwisho, na asikushinikize mtu.

Upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa Boston mwaka 1954 na Joseph Murray, kati ya mapacha wa kufanana, hivyo mwili haukuikataa figo. Leo si lazima muwe mapacha, ila dada atameza dawa za kupunguza kinga kila siku muda wote figo hiyo ikifanya kazi. Akiziacha, hata akijisikia mzima, mwili unaweza kuishambulia. Figo zake za zamani kwa kawaida haziondolewi. Mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga.

Mgongo unaniuma, natumia diklofenaki kila siku. Je, ni figo?

Maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli na mifupa. Ninachohofia ni hiyo dawa: diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na hatari ni kubwa zaidi kwa mzee, mwenye presha au aliyeishiwa maji mwilini. Mwone daktari akutafutie njia nyingine, na upimwe kreatinini wiki hii.