Noah kugonga "ko!" ukitoa P kwenda R au D: usinunue giaboksi kwanza

Mkuu, umesema ni Noah ya zamani, SR40 otomatiki, hapo Tanga mjini. Linagonga "ko!" ukitoa P (kuegesha) kwenda R (kurudi nyuma), likarudia ukiweka D (kwenda mbele), na barabarani ukiachia mafuta kisha ukakanyaga tena linagonga kidogo. Fundi amekwambia giaboksi imekufa. Kwa dalili hizo, giaboksi ningeiweka mwisho kabisa.

Kugonga kwa namna hiyo ni plei, yaani ulegevu kati ya vyuma, inayofungwa ghafla. Kuanzia injini hadi tairi la nyuma kuna mauntingi (mipira inayoshikilia injini na giaboksi), giaboksi, propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma) na kros zake (viungo vyake vinavyojikunja), halafu difu (gia za ekseli ya nyuma). Kila kimoja kina ulegevu wake mdogo. Ukibadili mwelekeo wa nguvu, ulegevu wote unajikusanya na kugonga chuma kwa chuma. Ndiyo maana hata ukiachia mafuta na kukanyaga tena unausikia. Giaboksi iliyochoka mara nyingi hujionyesha tofauti: inachelewa kushika, inateleza, au mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda gari likiwa halijaongeza mwendo.

Anza na visivyo na gharama. Injini ikishapata moto, zima AC, utazame rpm kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta. Ikikaa 1,000 au zaidi, gia itaingia kwa kishindo hata kama gari ni zima. Safisha throto (mlango wa hewa ya injini) na utafute bomba la mpira la hewa lililopasuka kabla ya kuendelea.

Kisha pima muda. Hendibreki juu, mguu kwenye breki, injini ya moto. Toa N (gia huru) kwenda D, uhesabu mpaka usikie gari limeshika. Kipimo cha Toyota ni chini ya sekunde 1.2 kwa D na chini ya 1.5 kwa R. Rudia mara tatu, ukipumzika dakika moja kila mara, uchukue wastani. Likishika ndani ya muda huo na bado likagonga, mara nyingi tatizo liko nje ya giaboksi. Likichelewa kisha likapiga kishindo, angalia ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki: gari liwe limepata moto, injini inawaka, pitisha liva gia zote, rudisha P, ndipo usome dipstiki upande wa HOT. (Wenye Honda, nyinyi mnasoma injini ikiwa imezimwa, msichanganye.) Mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Yakiwa yamepungua tu, tafuta yanakovujia, na uongeze aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ile muuza spea anayosema "inaingia zote".

Mauntingi: kwenye SR40 injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo inua kiti utazame ukiwa juu. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu na kubadili R na D. Injini kutikisika ni kawaida. Ikinyanyuka na kuanguka, mpira umeachana na chuma. Usisahau mauntingi ya giaboksi upande wa nyuma, wengi huiruka. Na asilale mtu yeyote chini ya gari wakati gia zinajaribiwa.

Sasa propela shafti, ambako mimi ningeweka dau. Zima injini, gia N, hendibreki juu, weka magogo mbele na nyuma ya tairi. Shika pande mbili za kros na uzisokote kinyume. Plei yoyote unayoiona kwa macho, kros imekwisha. Tazama pia vikombe vyake, vile vifuniko vinne kwenye ncha za kros: unga mwekundu wa kutu ukitoka pembeni maana yake grisi ilikauka siku nyingi. Kwa gari linalolala karibu na bahari, kama Raskazone, usishangae. Kama kros ina sehemu ya kupigia grisi, piga mpaka grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kikigoma kutoa, huko ndiko kunakokauka. Grisi haiponyi kros iliyokwisha kulegea, itakupunguzia kelele kwa siku chache tu.

Ukibadilisha, piga alama ya rangi kwenye flenji (sahani ya kuungia) ya difu na ya shafti kabla ya kufungua bolti nne. Ukiirudisha imegeuka, unaweza kupata mtetemo ambao hukuwa nao. Inua nyuma kuliko mbele, maana ukichomoa shafti ATF itamwagika kwenye mkia wa giaboksi. Funga mkia kwa mfuko wa nailoni na mpira. Nenda dukani na kros ya zamani mkononi, upime kipenyo cha kikombe na urefu wa kikombe hadi kikombe. Jina la gari pekee halitoshi. Wakati wa kusukuma vikombe kwa jiliwa, sindano moja (vile vyuma vyembamba vya bearing ndani ya kikombe) ikilala chini ya kikombe, saklipu (pete ya kukizuia) haitaingia. Hapo mafundi wengi huchukua nyundo. Usikubali, toa kikombe, panga sindano kwa grisi, rudia. Shafti ikishafungwa, soma ATF upya.

Difu: ukiwa umefungua shafti, tikisa flenji juu na chini. Ikicheza hivyo, bearing ya pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na shafti) imechoka. Kuzunguka kidogo ni halali, kwani meno yanahitaji nafasi, kwa difu nyingi za Toyota milimita 0.13 hadi 0.18. Kabla ya kumwaga oil ya difu, fungua nati ya kujazia kwanza. Ukiikuta imeshikana na kutu baada ya kumwaga, gari haliondoki.

Na kama kishindo kinakuja tu ukitoa P ulipoegesha mlimani, tuseme Lushoto, huo si ugonjwa. Uzito wote umekaa kwenye jino la P, lile linalofunga giaboksi ukiegesha. Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, achia breki gari litulie, ndipo uweke P.

Rudi na majibu mawili: sekunde ngapi, na kros ipi imecheza. Tukijua hayo ndipo tutaamua kama difu ifunguliwe.