Nimefuta apu ya sukari, mbona meseji bado zinakuja?

SWALI: Shangazi habari. Mamangu ana sukari, tunaishi Kondele hapa Kisumu. Kliniki moja ilituambia tuweke apu kwa simu ili daktari awe anaona vipimo bila mama kupanda matatu kila mara, na ukweli imetusaidia. Shida ni sai anatumiwa meseji za chai ya kushusha sukari na wanamwita kwa jina kabisa. Nimefuta hiyo apu lakini wapi. Nifanye nini?

JIBU: Pole dadangu, na mama pia mpe pole. Ukifuta apu umeitoa kwa simu tu, vipimo na namba yake vimebaki kwa kompyuta za kampuni, kwa hivyo hapo bado hamjamalizana. Sisemi lazima ni wao, namba inaweza kuwa imetokea hata kwa kitabu cha duka la dawa, lakini una haki ya kuwauliza. Mambo haya hutokea: mwaka wa 2023 kampuni ya GoodRx ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 1.5 juu ya kupatia Facebook na Google habari za dawa za wateja wake bila kuwaambia, ndio wawekewe matangazo.

Huku kwetu tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za ugonjwa zimewekwa kwa zile nyeti. Mama alikubali daktari aone sukari yake, hakukubali kuuziwa chai! Hizo ni ruhusa mbili tofauti, na kampuni ndio inafaa kuonyesha alikubali lini na alikubali nini, si yeye ahangaike kuthibitisha hakukubali. Ruhusa yenyewe anaweza kuiondoa wakati wowote.

Sasa waandikieni kliniki na kampuni, mama mwenyewe aweke jina, muulize wako na nini yake, wamempa nani, na wafute chenye hakihitajiki kwa matibabu. Tumia barua pepe, usipige simu, maana simu haiachi ushahidi. Hizo meseji msizifute, pigeni skrinshoti tarehe na namba zionekane. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kupitia tovuti yao, ni bure, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi.

Hiyo chai mama asiinunue bila kuuliza daktari. Na kupima asiache tafadhali, kama apu imetoka basi aandike kwa daftari muende nalo kliniki.