Swali la lugha: Mshipa upi, na nani ametundikwa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Darasani tunasoma kwa Kiingereza, wodini tunahudumia kwa Kiswahili. Juzi nilimwambia mzee mmoja, "Babu, natafuta mshipa nikutundikie dripu." Akauvuta mkono wake: "Mimi mshipa sina, nimekuja na homa!" Wodi nzima ikacheka. Nilikosea wapi? Halafu, mgonjwa "ametundikwa" dripu au "ametundikiwa"? (Mwanafunzi, Tanga)

JIBU: Sarufi yako haina kasoro, na babu naye yuko sahihi. Neno "mshipa" limebebeshwa mizigo mingi. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, kuna ile inayomtoka mtu shingoni akibishana, na kuna mshipa wa aibu, ambao hakuna daktari aliyewahi kuuona. Kwa wazee wengi, hasa huko kwenu pwani, "kuwa na mshipa" ni kuwa na ngiri au busha. Kwa hiyo babu alisikia binti au kijana wa watu akimtangazia maradhi ya sirini mbele ya wodi nzima. Angefanyaje?

Usiliache neno hilo peke yake. Sema "mshipa wa damu", kisha taja mahali: "Babu, naomba mkono, natafuta mshipa wa damu hapa juu ya kiganja." Kiambishi "-ni" nacho kinasaidia. "Dawa ya mshipani" inaeleweka upesi, na inajitenga na sindano ya msuli, ile ya takoni au begani.

Lakini kinachomtosha mgonjwa hakitoshi kwenye taarifa ya zamu. Mshipa wa damu unaweza kuwa vena, unaorudisha damu moyoni, au ateri, unaoitoa moyoni. Dripu huwekwa kwenye vena. Ukiigusa kwa vidole haidundi. Hubonyea na kujaa tena. Ateri hudunda, na ukiichoma kwa bahati mbaya damu nyekundu ya kung'aa huja kwa msukumo. Mgonjwa akishtuka kama aliyepigwa na umeme, huenda umegusa neva, yaani mshipa wa fahamu. Sasa muuguzi akiandika tu "nimegusa mshipa", anayepokea zamu ataelewa nini? Andika vena, ateri, neva. Yamo kwenye kamusi zetu, na yote hayabadiliki katika wingi: vena hii, vena hizi.

Tuje kwenye kutundika. Kinachotundikwa ni mfuko au chupa. Mgonjwa ndiye anayefanyiwa kazi hiyo, kwa hiyo kitenzi kinachukua kauli ya kutendea kwanza, kisha ya kutendwa: tundika, tundikia, tundikiwa. Dripu imetundikwa, mgonjwa ametundikiwa dripu. Ukisema "mgonjwa ametundikwa", umempandisha mlingotini yeye mwenyewe. Wanaosema "amewekewa maji" au "ameongezewa damu" wanafuata njia hiyo hiyo bila kufundishwa na mtu. Na kitenzi chenyewe kimechaguliwa vizuri, maana maji hayo hushuka kwa uzito wake. Mfuko ukishushwa chini ya mkono, utaona damu inapanda kwenye mpira.

Neno "maji" silikatazi, ila lina mtego wake. Ndugu wa mgonjwa huweza kudhani ni maji ya kawaida tu, wakauliza kwa nini asipewe kikombe anywe. Yale ya chumvi ya asilimia 0.9 yana gramu 9 za chumvi kwa lita, na ukali wake unakaribiana na wa damu. Maji matupu yakiingizwa mshipani hupasua chembe nyekundu. Mwambie mgonjwa "maji ya chumvi" au "maji ya sukari", na kwenye faili andika jina kamili na kiwango chake.

Hukuuliza kuhusu "sindano", lakini nitaligusa, kwa sababu linawatesa wagonjwa usiku kucha. Sindano hutolewa mara tu kanula inapoingia. Kanula yenyewe, inayobaki ndani, ni kijimrija laini cha plastiki. Ukimwambia mgonjwa "usitikise sindano", ataukaza mkono hadi asubuhi akiogopa kuchomwa kwa ndani. Mwambie "kijimpira".

Na mkiwa wenyewe kwa wenyewe, acheni "kanula kubwa" na "kanula ndogo". Namba zake zinakwenda kinyume: 18, ya kijani, ni nene kuliko 22, ya buluu. Ukiagiza "kubwa" bila kutaja namba na rangi, mwenzako mgeni atakuletea 24 ya njano, ile ya watoto wachanga.