Spirulina na kolestro: mimi nimetumia miezi 3, nikapima kabla na baada

Mkuu umeuliza kama mzee wako aache dawa ya kolestro ahamie kwenye vidonge vya spirulina alivyouziwa (vile vijimea vidogo vya kijani vya majini, vinakaushwa vinakuwa unga au vidonge). Asiache. Hiyo njia mimi nimeshaipita.

Mwaka juzi nilipima, LDL (ile kolestro mbaya) ikasoma 4.6 mmol/L, triglisaridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 2.9, daktari akaniandikia atorvastatin miligramu 20, dawa ya kushusha kolestro. Nikaona umri wenyewe 44 halafu nianze kumeza dawa kila siku, hapana, jamaa mmoja wa virutubisho akaniuzia kopo la unga wa spirulina eti "unasafisha mishipa". Aisee ule unga! Kijani mpaka unakaribia weusi, unanuka kama tope la pwani maji yakikupwa, nikawa naukoroga kwenye uji asubuhi, bakuli linabaki na rangi hata ulisugue vipi, mama watoto akanitengea bakuli langu na kijiko changu peke yangu kama mgonjwa wa kuambukiza.

Miezi 3 nikarudi maabara ileile, sijala kitu tangu usiku. Triglisaridi 2.1, nikaanza kushangilia, kucheki LDL 4.3. Yaani ile iliyonipeleka kwa daktari ndo imegoma kabisa. Na niseme ukweli, miezi hiyohiyo nilikuwa nimepunguza bia na soda, na pombe na sukari ndo vinazipandisha triglisaridi, sasa hata huo ushindi mdogo siwezi kuupa ule unga wote.

Sio utapeli mtupu lakini. Tafiti zipo, watu wamepewa gramu 1 mpaka 8 kwa siku na kolestro ikashuka kiasi, ila nyingi zimefanywa kwa watu wachache. Piga hesabu ya kopo la mzee: kidonge mara nyingi ni miligramu 500, akimeza 2 ndo gramu 1, akitaka gramu 4 ni vidonge 8 kila siku, kopo la 60 linaisha wiki moja na ushee. Muuzaji hilo hakusemei.

Wala usitishwe na jina, ndugu yake ndo ule ukijani wa Ziwa Natron wanaokula flamingo mpaka wanakuwa pinki. Kule Ziwa Chad akina mama wanaichota, wanaianika juani, wanapikia mchuzi, wanaiita dihé. Chakula tu. Mwani wa Paje na Jambiani kule Zanzibar ni kitu kingine kabisa, wauzaji wanachanganya makusudi. Na kama kopo limeandikwa mafuta ya mwani yenye DHA (aina ya omega-3), hayo yanashusha triglisaridi ila LDL inaweza hata kupanda kidogo.

Mimi nilimeza atorvastatin mwishoni, wiki 8 LDL ikawa 2.5. Bila bakuli la kutengwa.

Angalia pia kopo limetoka wapi, langu halikuwa hata na tarehe, na hii kitu ikilimwa kwenye maji machafu inaweza kubeba sumu za mwani mwingine na madini mazito kama risasi. Tupia hapa majibu ya mzee, LDL peke yake na triglisaridi peke yake, sio "kolestro iko juu" tu, na kama anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) sema mapema kabla hajameza kidonge kingine cha kijani, daktari wake lazima ajue.