Fanksheni za kisehemu: anzia kwenye boti

Mwalimu mwenzangu, unasema wanafunzi wa kidato chako, wakifika kwenye fanksheni za kisehemu (zenye x chini ya sehemu), wanakariri asimptoti, yaani mistari ambayo grafu huzidi kuikaribia, bila kuzielewa. Basi neno lenyewe liweke kando kwanza. Tuseme boti ya kwenda kisiwa cha Misali, Pemba, inakodishwa shilingi 120,000, na chakula ni 5,000 kwa kichwa: wakiwa watu x, kila mmoja atalipa (120,000 + 5,000x)/x. Waache wajaze jedwali: watu 2 ni 65,000, watu 10 ni 17,000, watu 60 ni 7,000. (Boti ya watu 60 pale bandari ya Wesha sijaiona, lakini hesabu haizami.) Watauliza wenyewe mbona haishuki ikafika 5,000, na abiria wakiwa sifuri nani analipa. Hizo ndizo asimptoti zako, ya mlalo na ya wima.

Na fanksheni ikiwa na (x − 2) juu na chini ya sehemu, kabla ya kuikata waandike kwanza x ≠ 2, la sivyo tundu kwenye grafu, pale x = 2 ambapo fanksheni haina thamani, hawalioni.