Jina kwanza, mji baadaye

Mmeuliza wiki hii: "Wewe msanii au mbunifu, unaiendeshaje kazi ya mteja mpaka ikamalizika kwa wakati?" Mimi nachora kanga za sare hapa Dar es Salaam, za harusi na za vikundi vya akina mama, na jibu langu ni hili: usiguse rangi kabla maneno hayajapitishwa na mwenye kauli ya mwisho.

Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji, yaani mchoro wa katikati, na ina jina, yale maneno yanayokaa kwenye kisanduku chini ya mji. Anayeanza kazi hii hukimbilia mji, kwa kuwa ndio wenye raha kuuchora. Nami nilikimbilia huko. Familia moja iliniagiza kanga yenye jina "Asante mama kwa malezi". Nikachora korosho nne zilizoelekeana, bibi harusi akazipenda sana, skrini za kuchapia kitambaa zikatengenezwa, kila rangi na skrini yake. Ndipo shangazi mtu, dada wa baba, alipoonyeshwa mchoro akauliza kwa upole: "Kwani baba yake hakulea?"

Hapakuwa na la kumjibu. Jina likawa "Wazazi wetu asanteni kwa malezi". Herufi ziliongezeka, kisanduku kikatanuka mpaka kikagusa ncha za korosho mbili za chini, ikabidi mji mzima upandishwe na skrini zote zirudiwe. Gharama niliibeba mimi. Kanga zilifika siku mbili kabla ya harusi, na mama wa bibi harusi alijifunga yake ikiwa haijapindwa, nyuzi zinaning'inia. Picha ile nikiiona mpaka leo naumia.

Tangu hapo, siku ya kwanza sishiki penseli. Nauliza tu: nani akikataa, kazi inasimama? Mara nyingi si yule anayelipa. Naomba nipelekwe kwake, nampa shikamoo yake, naandika jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na namwomba alisome kwa sauti. Kusoma kwa sauti kunafichua mengi: herufi iliyorukwa, au neno ambalo wakwe wangeliona kijembe. Akiridhika anatia sahihi na tarehe, ndipo tunazungumza kianzio.

Rangi siipatanishi kwa picha ya simu hata siku moja. Nabeba vipande vya kitambaa, tunatoka navyo juani, mteja anachagua kwa macho yake.

Na tarehe naihesabu kutoka mwisho. Mteja atakwambia harusi ni Jumamosi fulani, lakini kanga inatakiwa mapema zaidi, kwa sababu doti zikatwe, zipindwe, na wanaotaka gauni wapate nafasi kwa fundi. Hasa Shaaban, watu wanapowahi kuoa kabla ya Ramadhani na mafundi wote wameelemewa. Mwezi huo sichukui zaidi ya kazi tatu, na kila moja ina karatasi yake ukutani: jina, mji, rangi, kiwandani. Karatasi isiyo na sahihi kwenye jina haisogei, hata mteja apige simu mara ngapi.

Juzi shangazi mmoja alisoma karatasi yangu mara mbili, akaniomba kalamu, akafuta neno moja. Mji wake nilikuwa bado sijauanza.